Sahihi ya Mtu wa Nje

Honorable Théodore hakungoja dereva asimamishe gari vizuri. Alishuka mbele ya laboratoire, maabara ya chuo kikuu, na kuanza kuupiga mlango kwa kiganja, tai imehamia begani. Mshauri wake, Madame Nasra, alibaki kiti cha nyuma.

Kikao cha bunge la jimbo kilikuwa kinafungwa jioni ile ile. Baada ya hapo wabunge wanarudi makwao kula likizo ndefu, na dépôt ya kuyeyushia betri kuukuu, iliyojengwa karibu na kisima cha wavuvi wa maporomoko, ingeendelea kufuka moshi kama kawaida. Watoto wa pale wanalalamika tumbo. Wengine miguu imelegea. Mmoja wao ni Daniella, mjukuu wa Théodore, mtoto aliyekuwa hashikiki kwa kuruka kamba. Asubuhi hiyo babu yake alimbeba kutoka kitandani mpaka mezani, akajiuliza huu ubunge ni wa kazi gani.

Sheria ya kuifunga dépôt ilikuwa tayari. Ilikosa kitu kimoja tu: matokeo ya maji ya kisima, yenye sahihi ya mtaalamu wa nje. Hapo kanuni haina mchezo. Mtu anayekula mshahara wa bunge hawezi kulitolea bunge ushahidi.

Na msiseme Théodore alikaa bure. Ni yeye aliyepiga kelele mwaka mzima kwamba wabunge wanaamua mambo ya maji na udongo kwa kumsikiliza mwenye sauti kubwa kuliko wote. Wenzake walimcheka, halafu wakachoka, halafu wakakubali. Ndipo wakamtoa Nasra chuo kikuu, mkemia, binti wa wale Waislamu wa zamani wa mjini, awe mshauri wa kwanza wa sayansi. Siku ya kumpokea walimmwagia poda kichwani na shingoni, vile tunavyomfanyia mtu aliyepanda cheo, mpaka kitenge chake kikawa cheupe. Katikati ya vigelegele alimwinamia Théodore sikioni.

"Papa, hamungeniacha kwanza kule kidogo?"

Théodore alicheka. Alidhani ni haya ya kike. "Kule chuo docteurs wa sayansi ni wengi kama samaki. Wewe sasa iko mutu ya bunge. Tulia."

Akatulia. Bungeni mshauri hasemi mpaka apewe neno, na anapopewa hujibu alichoulizwa, basi.

Chupa za maji zilipelekwa laboratoire. Majuma yakapita, kimya. Kila kamati ilipokaa, Honorable Sébastien, ambaye mji mzima unajua anakula na mwenye dépôt sahani moja, aliuliza kwa sauti ya upole, "Madame mshauri, laboratoire imejibu?"

"Hapana, Honorable."

"Bon. Tupite kwa mengine."

Na wanapita kweli! Théodore hakuhitaji kuambiwa. Sébastien ameshawapaka watu wa laboratoire mafuta mikononi, wamezikalia chupa mpaka kikao kife. Alikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu, kwa sababu hakujua tena mlango gani wa kubisha.

Ndani ya gari, njiani kuja hapa, Nasra alijaribu. "Papa, juu ya ile laboratoire..."

"Najua. Wamekula. Usiwatetee juu ni wenzako."

Nasra aligeuka dirishani, akawa anaangalia baiskeli za toleka zikipita na abiria wao.

Sasa mlango ulifunguliwa na mlinzi, mzee Assumani, redio ndogo mkononi.

"Chupa zetu ziko wapi?" Théodore akauliza.

"Iko ndani, Honorable. Zote. Niliziweka kwa frigo mimi mwenyewe."

"Mashine imekufa?"

"Mashine iko muzima."

"Courant? Umeme umekatika?"

"Courant iko. Hata dawa za kupimia ziko."

Théodore alipumua. Kwa mara ya kwanza toka kikao kifunguliwe alijisikia nafuu, maana mwizi aliyemtafuta yumo humu humu, na bado kuna saa chache.

"Donc ni nani aliwakataza? Sébastien alituma mutu huku?"

"Hakuna mutu alikuja, Honorable."

"Usinifiche, papa Assumani. Niitie ule anapimaka maji. Atoke hapa, aniambie machoni amelipwa ngapi. Mujukuu yangu amelala kule, hawezi kusimama." Akaegemea ukuta, mtu mzima na suti yake, akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Muite tu. Sitamugombeza. Nitamuomba."

Assumani alizima redio. Alimtazama mbunge kwa huruma, halafu akatazama nyuma yake, kwenye gari, na kuvua kofia taratibu.

"Umekuja naye, Honorable," akasema. "Mwingine hatuna."