Vibuyu Vinne vya Dufie

Mjomba Boadu aliyapokea maji ya ugeni, akayarudisha bila kuyanywa. Konadu akamvuta binti yake, Dufie, karibu. Mgeni asiyekunywa maji hakuja kwa heri.

"Mvishe mtoto viatu. Gari linangoja. Kambi ya maombi wamekubali kumpokea."

Konadu alizijua habari za kambi ile. Watoto wa namna ya Dufie, wasiosema wala kutazama watu machoni, walifungwa minyororo mitini mpaka pepo atoke. Boadu ndiye mkubwa wa ukoo wa mama, na kwa Waashanti, mjomba akishasema kasema.

"Mjomba, nakusihi. Mwalimu anamfundisha kwa mchezo. Siku hizi anajua mtu akifurahi, akikasirika..."

"Mchezo! Hebu nitokee! Mtoto hajui hata mimi ni nani, atajuaje moyo wangu? Kambi ni dawa chungu, lakini inaponya. Najua nisemalo."

Alisimama katikati ya ua, mikono mifukoni, jua likiwaka, na soksi zake nzito miguuni. Hata mbele ya chifu, mzee huyu alivua viatu, soksi abadani. Vijana walimcheka kwa hilo.

"Haya, anioneshe huo mchezo," alisema. "Akipatia, abaki. Akikosea, usinililie."

Konadu akavipanga vibuyu vinne mchangani, kila kimoja kimechorwa uso: furaha, huzuni, hasira, woga.

"Dufie, mama, mchezo wetu. Mpe Babu uso wake."

Boadu alikunja ndita, macho yamemwiva. "Enhe! Mimi nikoje?" alifoka mpaka kuku wakatawanyika.

Hata kipofu angejua. Hasira, mwanangu, Konadu aliomba kimoyomoyo. Kile chekundu. Chukua chekundu.

Dufie hakumtazama mzee usoni. Aliikazia macho mifuko ya suruali yake. Kisha mkono wake mdogo ukakigusa kibuyu chekundu, ukakiacha. Akaokota cha woga. Akakisukuma tumboni mwa Boadu, akaishika suruali yake, akasimama naye ubavuni. Ndivyo mchezo ulivyotaka afanyiwe mtu mwenye woga.

"La! La, jamani!" Konadu alipiga magoti. "Amechanganya, Mjomba! Mpe mara moja tu tena, ni hili jua, ni..."

Boadu alitoa mikono mifukoni akipokee kibuyu. Ilitetemeka vibaya mno, kibuyu kikamponyoka. Akajiachia chini mchangani, mzee mzima, na Dufie bado kamshikilia.

"Mwambie dereva aende zake," alisema kwa sauti ndogo.

Kisha akaishusha soksi. Kovu la mnyororo lilikizunguka kifundo chote.