Kiganja Juu ya Karanga

Kiongozi wa wimbo alikuwa ameshainua jembe, Idamise alipouona: uzi mwembamba wa zambarau, umetoka kwenye ua la karanga lililonyauka, ncha yake imezama ardhini. Karanga zimeanza kushuka udongoni. Majembe yangezikata zote.

Akapiga magoti, akaufunika uzi kwa kiganja.

Ngoma iliyoongoza majembe ikanyamaza. Mstari mzima wa konbit, majirani waliokuja kumsaidia kupalilia, ukasimama.

"We mama, toa mkono!" kiongozi akafoka.

"Wekeni majembe. Haya magugu ya ndago tuyang'oe kwa vidole."

"Kwa vidole? Shamba lote hili? Umetuita kupalilia au kunyonyoa kuku?"

Wakacheka, lakini jembe la kiongozi lilibaki juu. Mwenye shamba anayekatiza ngoma huimbwa kwa kejeli hadi sokoni, mwaka mzima. Idamise alilijua hilo. Kiganja hakikuondoka.

"Basi lima," akasema. "Anzia hapa."

Kiongozi akamtazama. Akalitupa jembe pembeni, akachuchumaa, akang'oa ndago ya kwanza. Kisha akaanzisha wimbo mpya: Idamise katunyang'anya majembe, tunachakura kama kuku!

Ngoma ikarudi. Idamise akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.