Uzi wa Timazi

Mwashi Shebughe hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na jicho la akiba. La kushoto lilikufa zamani.

Alimpelekea daktari wa macho vipimo vya jicho alivyopimwa ujanani, vitumike kwenye upasuaji.

"Hivi vitupe, mzee wangu," Daktari Nasra akasema. "Kioo cha mbele ya jicho hubadili mpindo uzeeni. Nikipasua kwa hivi, nitakuharibia hilo moja. Twende na vya leo."

"Na kikipinda tena, binti yangu?"

"Huenda. Hilo nimelipangia. Niandikie ukikubali."

Nyumbani alitundika darini timazi, uzi wake wa kupimia wima wa kuta. Uzi ule, ambao haujawahi kumdanganya, ulionekana nyuzi mbili. Akanyoosha kidole kutafuta wa kweli, akagusa hewa.

Akaandika ridhaa, akaifunga bahasha kwa ulimi mkavu, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Mkono ukabaki tunduni.