Togwa ya Mwenyeji

Mwanafunzi Pancras alipokea kibuyu cha togwa, asikipeleke mdomoni. Kutwa nzima mzee huyu mwenye kofia ya viua alikuwa amemtembeza mjini Biharamulo, kutoka makaburi ya Wajerumani hadi kwenye boma lao walilorithi Waingereza, bila kumdai chochote. Sasa anamnywesha, na mwenyewe hajaonja!

Kwao Ntobeye, mwenyeji huonja kwanza ili mgeni asihofie sumu.

"Mbona huonji, mzee wangu?"

"Kunywa wewe, mwanangu. Umetembea sana leo."

Midomo ya mzee ilikuwa mikavu, imepasukapasuka. Alipogeuka kulitazama jua, Pancras akaimwaga togwa yote nyuma ya ukuta.

Mara adhana ikasikika. Mzee akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Alhamdulillahi. Hebu nibakizie funda moja, nifuturu."