Sahihi ya Zawena

Siku ya kukabidhi zahanati mpya ya serikali, Lukindo, mkandarasi mkuu, alimvuta Zawena pembeni akamsukumia kalamu mkononi. Zawena na mafundi wake ndio waliofunga mabomba yote ya jengo lile, na mpaka siku hiyo hawakuwa wamelipwa hata senti.

"Weka sahihi hapa kwamba nimeshakulipa," Lukindo alisema. "Mhandisi wa halmashauri hapokei jengo bila karatasi hii. Nikilipwa mimi, nawe utalipwa."

"Ulisema hivyohivyo tulipomaliza soko. Mpaka leo sijaona kitu."

"Mama, usinichezee. Mji huu hutapata kazi tena."

"Kwani kwako nilipata kazi? Nilipata madeni."

Mhandisi akatokea kwenye korido akifuta miwani yake. Zawena alijua Lukindo hakuwa akitania: wakandarasi wakubwa wote walikuwa marafiki zake. Hata hivyo alipaza sauti.

"Mhandisi, mimi sijalipwa. Siweki sahihi."

Mhandisi alimtazama Lukindo, kisha akafunga jalada lake. "Basi jengo silipokei. Mkishamalizana mtaniita," akasema, akaondoka.

Lukindo alimwangalia Zawena kama anayetaka kumtemea mate. Akatoa simu, akatoka nje akiongea kwa sauti ya chini. Zawena hakujua kama anapigia benki au anaita watu waje kumtoa. Alichukua ndoo tupu ya rangi, akaigeuza katikati ya mlango, akaikalia.