Mshumaa wa Nne

Wamaitha alikuwa ameuwasha tu mshumaa wa nne wa Majilio, mwenyekiti wa kina mama akalowesha vidole kwa mate, akauzima.

“Huu ni wa Mama Maria. Unawashwa na mwenye mtoto.”

“Hata mimi nilizaa, Mama.”

“Wako yuko wapi?”

Kanisa zima likamgeukia Wamaitha. Ni wao hao waliomzika mtoto wake kule Kisian wiki iliyopita, wakashiba wali wa matanga.

Kiberiti akapewa jirani yake, aliyebeba kichanga.

“Nishikie kidogo niwashe,” akamwambia Wamaitha, akampakatisha.

Utambi ukashika. Vigelegele vikapanda. Kichanga kikanusa, kikageuza kichwa, kikafungua mdomo.

Maziwa yakalowesha blauzi ya Wamaitha, ile nyeupe ya chama, upande mmoja, kisha wa pili.