Jina la Abdul-Karim Ubaoni

Siku ya tatu ya mahojiano, Bi Maimunah alimtuma mwanawe Shakib sokoni Ggaba akanunue samaki, ingawa samaki wa jana alikuwa bado jikoni. Alitaka kusema bila kukatizwa.

"Mama, hiyo mambo ya klabu wacha," Shakib alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza. "Wenyewe walishakufa. Unafufua ya nini?"

Zaidi ya hapo hakueleza. Bi Maimunah hakuhitaji kuelezwa. Mwanawe alikuwa anaona haya kwamba baba yake alikuwa mtunza ngoma. Basi aende zake Ggaba, akanuse magamba mpaka jioni.

Rumaisa alivua viatu mlangoni, akapiga magoti kusalimia kama binti aliyelelewa akaleleka. Alikaa mkekani, akaweka simu katikati yao ili irekodi. Alikuwa anaandika historia ya Klabu ya Hilali ya Kisugu, na Bi Maimunah alikuwa ameshampenda. Wajukuu zake mwenyewe, akianza tu kusema "enzi zetu," kila mmoja hukumbuka kazi nje.

"Haboba," Rumaisa alisema, akimwita bibi kwa Kinubi, "kamati wanasema mzee Abdul-Karim hakuwa mwasisi. Wanasema alikuwa analinda ngoma tu, kama askari wa geti."

Hapo alikuwa amegusa kidonda. Klabu ilikuwa na ubao wa waasisi wenye majina kumi na moja, na la mumewe halikuwamo. Kwenye kila harusi Bi Maimunah alikalishwa nyuma karibu na masufuria, huku wajane wa waasisi wakipewa viti vya mbele. Mwenyekiti Kamis aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba mke wa mlinzi asijitafutie makuu. Mumewe alikuwa kaburini mwaka wa ishirini na sita sasa, na neno lile bado lilimchoma kila alipokula pilau. Yeye alikuwa na miaka themanini na mbili. Hakutaka kitu kingine duniani ila kuliona jina lile ubaoni kabla hajafa.

"Ngoma anapewa nani kulinda?" aliuliza kwa ukali. "Sema! Mtu wa kupita njia?"

"Sijui, Haboba. Nifundishe."

Akamfundisha. Zamani klabu haikuwa na ukumbi. Waasisi walifyatua matofali kwa mikono yao, wakajenga nyumba moja ya kuweka ngoma zao za doluka, mchezo wa Kinubi. Wakakubaliana kwamba atakayelala na ngoma hizo lazima awe mmoja wao, maana mtu wa nje angeweza kuzitoa kwa siri zikachezwe kwenye harusi za mahasimu wao. Wakamchagua Abdul-Karim. Akahamia humo na mkewe, bibi harusi wa miezi minne.

"Hii nyumba hii?" Rumaisa alitazama juu, akatazama kuta.

"Hii hii! Ngoma ilikuwa pale, chini ya dirisha. Mimi nalala huku kwa mlango, kama kuku."

"Na ile chumba ya nyuma?"

"Ile tuliongeza wakati nazaa Shakib. Tuliomba ruhusa kwa klabu, wakatupa."

"Iko mtu mwingine anajua hii yote?"

"Wamekwisha wote, bambi mwanangu. Nimebaki mimi."

Rumaisa alisema kwa upole kwamba maneno matupu kamati watayakataa. Bi Maimunah alicheka. Alijikokota mpaka kwenye sanduku la bati, akachimba chini ya nguo za mazishi yake, akatoa barua yenye mhuri wa klabu. Ilisema kwamba Abdul-Karim, mwasisi na mtunza ngoma, atakaa katika nyumba ya Hilali kwa muda wote wa utumishi wake. Chini yake zilikuwa sahihi kumi na mbili. Shakib alikuwa amemwambia aichome, naye alikuwa amemjibu kwamba ameshaichoma.

Rumaisa aliisoma mara mbili, akamkumbatia. Kisha akaandika kila kitu kwenye karatasi, akamsomea taratibu, na Bi Maimunah akaweka dole gumba kila ukurasa. Barua ile aliitoa mwenyewe bila kuombwa.

"Chukua kabisa," alisema. "Wakuone nayo mkononi, wafunge midomo."

Baada ya mwezi, siku ya sherehe ya klabu, alivaa vazi lake jipya la gurbaba na kuchukua bodaboda peke yake, kwa kuwa Shakib alikataa kumpeleka. Mwenyekiti Kamis mwenyewe ndiye aliyemshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele kabisa, cha mito.

Kitambaa kikavutwa. Ubao ulikuwa mpya, majina kumi na mawili kwa herufi za dhahabu, na la Abdul-Karim lilikuwa juu ya yote. Vigelegele vilipasuka. Bi Maimunah alilia wazi mbele za watu, bila hata kujifuta, kwa furaha aliyokuwa ameingoja nusu ya maisha yake.

Kamis akasoma kwenye kipaza sauti maneno yake yote, yale yale, matofali, dirisha, chumba cha nyuma, mpaka lile la kuku, na watu wakacheka kwa mapenzi. Akamshukuru wakili wa klabu, Rumaisa, kwa kazi nzuri. Kisha akamwita Bi Maimunah mbele.

Alinyoosha gurbaba yake, akaenda polepole, akampa mikono yote miwili. Kamis hakuishika. Alikuwa amekunjua kiganja chake, kimeelekea juu.

"Ufunguo ya nyumba ya klabu, Haboba," alisema, na watu wote wakapiga makofi.